Karabini ya 9 mm kwa shamba la Kigombe, au shotigani ya pampu?

MkwezaMinazi

Wakuu, habari za jioni.

Nakaa Tanga mjini, nina Glock 17 yenye leseni. Shamba langu liko Kigombe, njia ya Pangani: minazi, ng'ombe wa maziwa, ghala moja la tofali na vibanda vya wafanyakazi vya udongo vilivyoezekwa bati. Usiku tatizo ni wezi wa ng'ombe na nazi, alfajiri ni nguruwe pori kwenye muhogo.

Nafikiria kuongeza karabini ya 9 mm, ile bunduki ndogo ya begani inayokula risasi za bastola. Hoja zangu: risasi ni aina moja kwa silaha zote mbili, magazini zinaingiliana, haipigi bega, na mtutu mrefu unaongeza nguvu. Nikiwa mjini ingebaki kwa mlinzi wa usiku. Wapo wanaoniambia hiyo ni bastola kwa bei ya raifo, nichukue shotigani ya pampu, ile ya marisau inayokokiwa kwa kuvuta kishikio cha mbele, niachane na mbwembwe.

Wanaozijua hizi bunduki naomba faida na hasara zake, kwa vipimo ikiwezekana. Ubishi wa nani amiliki silaha na nani asimiliki tuuache kwa leo.

FundiMtutu

Mkuu, hoja mbili za kwanza ziko sawa, ya tatu nusu, ya nne ndiyo inayowaponza wanunuzi.

Chukua 9 mm ya kawaida yenye kichwa cha greini 115, yaani gramu 7.45. Kwenye mtutu wa bastola wa inchi nne na nusu inatoka kwa mita 350 hadi 360 kwa sekunde. Kwenye karabini ya inchi 16 inafika 390 hadi 400. Kwa jouli, yaani kipimo cha nguvu ya risasi, ni kutoka 460 hivi hadi 580 hivi. Nyongeza ipo, kama robo, lakini raifo ndogo ya 5.56 inaanzia jouli 1,700. Baruti ya 9 mm ni ya kuungua haraka, imetengenezwa kwa ajili ya mtutu mfupi. Risasi ikifika inchi 10 au 12, baruti imeshamaliza kazi, na inchi zilizobaki zinaisindikiza tu. Kwa vichwa vizito vya greini 147 utaona tofauti ndogo zaidi ya hiyo.

Unacholipia ni utulivu. Bastola unaishika kwa mikono tu. Karabini ina bega, shavu na mikono miwili. Mtu wa kawaida ambaye kwa bastola anatawanya risasi kwenye sahani kubwa mita 25, kwa karabini anaziweka kwenye eneo la ngumi mita 50. Kwa mtu anayejibu kelele usiku, mapigo yakienda mbio, hilo lina thamani kuliko jouli 120.

Sasa mambo mawili ambayo wauzaji hawayasemi.

La kwanza, njia ya risasi. Darubini au kioo cha kulengea chenye nukta nyekundu hukaa juu ya mtutu kwa kama sentimita 5. Ukirekebisha shabaha kwenye mita 25, risasi ya greini 115 inarudi karibu palepale kwenye mita 50. Mita 75 iko chini sentimita 5 hivi, na mita 100 imeshaanguka sentimita 18 hadi 20. Kwa hiyo hesabu hii bunduki ni ya mita 75, na mita 100 kwa anayejua anachofanya. Upande wa pili, kwenye mita 5 hadi 7 risasi inapiga chini ya nukta kwa sentimita 4 hivi. Watu wanalisahau hili, wanatoboa fremu ya mlango waliojificha nyuma yake.

La pili, bolti, kile chuma kinachoziba nyuma ya mtutu na kurudi nyuma ukipiga. Karabini nyingi za 9 mm hazina bolti ya kujifunga. Kinachozuia ganda lisitoke mapema ni uzito wa bolti na springi, basi. Ndiyo maana bolti huwa na zaidi ya nusu kilo ya chuma. Chuma hicho kikirudi na kugonga nyuma, kisha kikirudi mbele, bunduki inatikisika kuliko unavyotegemea kwa risasi ndogo. Haiumizi, lakini nukta inaruka. Pia moshi na masizi vinarudi chemba, pale risasi inapokaa ikisubiri kupigwa, kwa hiyo inachafuka haraka. Na jambo la kushika: usikubali fundi yeyote akupunguzie uzito wa bolti au akuwekee springi laini ili "iwe nyepesi kukoki". Bolti ikifunguka mapema, ganda linapasuka nje ya chemba karibu na uso wako.

KaraniMstaafu

Kabla hamjazama kwenye vipimo, pale kwa mlinzi pamenishtua.

Ndugu MkwezaMinazi, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, leseni ni ya mtu na ni ya silaha ile. Leseni ya Glock haifuniki karabini, na leseni yako haimfuniki mlinzi. Ukimwachia bunduki ukaenda mjini, mmevunja sheria wote wawili, na likitokea la kutokea usiku huo utaanza kujieleza wewe kabla ya mwizi. Njia halali ni mlinzi wa kampuni yenye silaha na vibali vyake, au umuulize OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, utaratibu wa mfanyakazi kuidhinishwa kabla ya kugusa chochote. Hili peke yake linaweza kubadilisha hesabu yako, maana kama bunduki italala mjini pamoja nawe, shamba linafaidika siku ulizopo tu.

Maombi yanaanzia serikali ya kijiji au mtaa na kupanda ngazi kupitia kamati ya ulinzi na usalama hadi kwa Msajili wa silaha. Ukiwa na silaha moja tayari, sababu ya kuomba ya pili lazima iandikwe vizuri: shamba liko wapi, kuna mali gani, kwa nini bastola haitoshi. "Risasi zinaingiliana" si sababu ya kumridhisha ofisa.

Na usitangulize hela dukani. Silaha za kumimina risasi mfululizo si za raia kabisa. Karabini ni nusu-otomatiki, yaani risasi moja kwa kila mvuto wa triga, lakini nyingi zina sura ya kijeshi na ofisa atauliza. Peleka jina la mtengenezaji, modeli na kaliba kwa maandishi, upate jibu, ndipo uongee bei.

BintiRaskazone

Kaka, mimi niko upande wa shotigani, lakini si kwa sababu wanazokuambia wenzako.

Angalia shamba lako lilivyojengwa. Kichwa cha 9 mm kilichovikwa shaba chote kinapita bati, kinapita mlango wa mbao, na ukuta wa fito na udongo hauwezi kukihakikishia usalama anayelala nyuma yake. Umeandika mwenyewe kuwa wafanyakazi wanalala kwenye vibanda vya udongo. Risasi iliyokosa haiishii kwenye minazi, 9 mm inakwenda zaidi ya kilomita moja. Vichwa vyenye tundu mbele, vinavyotanuka vikigonga, hupunguza hatari lakini haviimalizi, na si kila karabini inavimeza bila kukwama.

Shotigani ya kaliba 12 unaichagulia marisau. Namba 4, yale madogo, mita 10 inafanya kazi, lakini ikishapita mita 40 imekwisha nguvu. SG, zile kubwa za milimita 8 na zaidi, ni tisa hivi kwenye katriji ya gramu 32, na kila moja inapita ukuta kama risasi ya bastola, kwa hiyo usidanganyike kuwa shotigani yoyote ni salama karibu na nyumba. Mtawanyiko wa mtutu usiobanwa mdomoni ni kama sentimita 2.5 kwa kila mita: mita 10 ni duara la sentimita 25, mita 25 linapita 60, na hapo kati ya marisau tisa kuna ambayo hujui yanakwenda wapi. Lazima ulenge. Ile hadithi ya "elekeza tu upande wake" ni ya sinema.

Hasara zake ni kweli pia. Msukumo wa katriji ya gramu 32 ni karibu mara tano ya 9 mm kwenye karabini yenye uzito kama huo. Pampu nyingi zinabeba katriji tano au sita, na mtu mwenye hofu huvuta pampu nusu, ganda likabaki njiani. Dawa ni mazoezi ya kuivuta kwa nguvu hadi mwisho, kila mara, hata ukiwa na katriji za mazoezi zisizo na baruti.

Nguruwe pori: 9 mm ni ndogo kwake, wachana nayo. Anajeruhiwa, anaingia vichakani, anakusubiri. Na kumpiga mnyamapori bila kibali ni kesi chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, hata kama amekula muhogo wako. Toa taarifa kwa ofisa wanyamapori wa halmashauri.

Mzee_wa_Muheza

Vijana mmesahau bunduki ya kukoki kwa wenzo chini ya mkono. Wazo la risasi moja kwa silaha mbili ni la zamani: Winchester ya 1873 ilikula .44-40, na Colt wakatoa rivolva ya risasi hiyohiyo. Leo chukua .357 Magnum. Kwenye rivolva ya inchi 4, kichwa cha greini 158 kinatoka kwa mita 375 hivi. Kwenye mtutu wa inchi 18 kinakaribia 540. Jouli zinazidi mara mbili, kwa sababu baruti yake ni ya polepole na mtutu mrefu inautumia. Hapo ndipo karabini ya risasi ya bastola ina maana. Haina magazini ya kudondoka, si nusu-otomatiki, na sura yake haimtishi ofisa.

Sharti moja: risasi zinapangwa mkia na kichwa ndani ya bomba, kwa hiyo tumia vichwa bapa tu. Kichwa chenye ncha kinakaa juu ya fataki, yaani kiwashio cha baruti kwenye kitako, ya risasi iliyo mbele yake, na mtikisiko unaweza kuilipua.

FundiMtutu

Mzee wangu, kwa fizikia umeshinda. Ila jamaa ana Glock. Atahitaji kaliba ya pili na pengine rivolva, na 9 mm utaipata dukani mara nyingi kuliko .357. Kabla ya kuichagua .357 aulize kwanza kama risasi zake zinaingia nchini, la sivyo atanunua fimbo ya bei ghali.

MkwezaMinazi

Nashukuru sana wote, hasa Karani. Suala la mlinzi nalifuta.

Nikiamua karabini, nimeona majina Ruger PC Carbine, Beretta Cx4, Kel-Tec SUB-2000, na kuna mtu ana Marlin ya zamani anataka kuihamisha kisheria. Ipi inakubaliana na Glock? Na bunduki iliyotumika niikague vipi? Hofu yangu nyingine ni kutu, upepo wa kusi unaleta chumvi hadi ndani ya kabati.

FundiMtutu

Ruger iko sokoni tangu mwisho wa 2017. Mtutu ni inchi 16.12, uzito kilo 3.1 hivi, unaigawa vipande viwili bila kifaa. Matoleo mengi huja na tundu la pili la magazini linalopokea za Glock. Hakikisha limo kwenye boksi kabla hujalipa. Ndani ya bolti kuna uzito wa tangsten, chuma kizito sana, unaopunguza ule mtikisiko niliousema. Beretta ni nzuri mkononi lakini inataka magazini za Beretta, kwako imetoka. Kel-Tec ni nyepesi na inakunjika katikati, ipo ya magazini za Glock, ila matoleo ya mwanzo ukifunga kioo juu haikunjiki tena, na kitako chake ni bomba jembamba lisilopendeza shavuni.

Marlin Camp ilitengenezwa 1985 hadi 1999. Ugonjwa wake unajulikana: nyuma ya bolti kuna bafa laini, ile ya kupokea mshindo wake, inayozeeka na kumeguka. Ikishakufa, bolti inagonga chuma na kitako cha mbao kinapasuka. Kama mwenye nayo hawezi kuifungua mbele yako, iache.

Kwa yoyote iliyotumika, fanya hivi. Toa magazini kwanza, vuta bolti nyuma mara tatu, angalia chemba kwa macho na uingize kidole. Kisha:

Pitisha mwanga kutoka nyuma ya mtutu. Mistari iliyochongwa ndani yake iwe na kingo kali hadi mwisho. Ukiona pete nyeusi au uvimbe unaozunguka ndani, risasi ilishawahi kukwama na nyingine ikapigwa juu yake. Mtutu huo umekufa. Angalia ile kucha ya kuvuta ganda: ncha iliyolika au iliyojaa masizi magumu ndiyo mama wa maganda kubaki chemba. Angalia uso wa bolti, pini ya kugonga fataki isitokeze ikiwa imerudi nyuma. Koki, weka sefti, vuta triga. Ondoa sefti bila kugusa triga. Ikilia "tik", rudisha kwa mwenyewe. Mwisho linganisha namba ya mwili na ile ya leseni, tarakimu kwa tarakimu, na ukiona sehemu iliyopigwa tupa au kupakwa rangi mpya pale penye namba, ondoka.

Magazini ndiyo chanzo cha matatizo mengi kuliko bunduki yenyewe. Weka alama ya namba kwenye kila moja. Ikikwama mara mbili kwa magazini namba 3, tatizo ni namba 3. Na ukiingiza risasi ya kwanza usiisindikize bolti kwa mkono. Vuta hadi mwisho, achia. Ukiisindikiza haifungi vizuri na fataki haigongwi.

Ukipiga ukasikia mlio hafifu na bolti haikurudi kama kawaida, simama. Usikoki tena. Toa magazini, fungua, angalia mtutu. Hivyo ndivyo ile pete nyeusi inavyopatikana.

ChumviYaDeep

Kutu nijibu mimi, maana ukanda huu wote wa Tanga hadi Bagamoyo tatizo ni moja.

Adui wa kwanza ni ile mifuko ya sponji na ngozi. Inanyonya unyevu na kuushikilia kwenye chuma, ukifungua baada ya wiki mbili za kusi unakuta vidoa vyekundu kama punje za ulezi pale tu sponji ilipogusa. Mfuko ni wa safari. Nyumbani bunduki ikae wima ndani ya sefu ya chuma iliyofungwa ukutani kwa bolti, mtutu usiguse sakafu, na vipakiti vya chembe za kukausha, zile zinazokuja ndani ya boksi la viatu lakini za ukubwa wa kiganja, ubadilishe au uzikaushe zikibadilika rangi.

Ukitoka shamba, hata kama hukupiga, futa jasho la mikono kwa kitambaa cha pamba kikavu, kisha pitisha kitambaa chenye matone mawili matatu ya mafuta ya silaha. Utando tu, isichuruzike. WD-40 inafukuza maji lakini haidumu kama kinga, ipulize kama bunduki imenyeshewa, ifute, ndipo upake mafuta yenyewe. Mafuta ya nazi na ya kula hapana, yanaganda na kuwa gundi kwenye reli za bolti.

Kwa 9 mm ya bolti isiyojifunga, piga brashi ya shaba mtutuni na chemba baada ya kila mazoezi, kutoka nyuma kwenda mbele kama muundo unaruhusu. Sehemu zinazosahaulika ni springi za magazini, skrubu za kioo cha nukta, na pete za mkanda wa kubebea. Hizo ndizo zinaanza. Kabla ya kupiga, pitisha kitambaa kikavu mtutuni utoe mafuta.

Risasi nazo: zisiwe kwenye mafuta kabisa, mafuta yanaweza kupenya hadi kwenye fataki. Boksi lake, kopo la chuma lenye mpira, kufuli tofauti na la bunduki. Ganda likiwa na ukijani uliochimba, lisipigwe.

MkwezaMinazi

Basi nakwenda kwa OCD kwanza na barua, nitaomba karabini. Wakikataa sura yake, pampu. Swali la mwisho: tochi nifunge kwenye bunduki au nishike mkononi?

BintiRaskazone

Zote mbili, na usizichanganye kazi. Ya mkononi ndiyo ya kutafutia ng'ombe na kumulika anayekuja. Ukitafuta kwa tochi ya kwenye bunduki, kila unachomulika umekielekezea mtutu, na nusu ya wakati atakuwa mfanyakazi wako ametoka chooni. Ya kwenye bunduki iwashwe pale tu unapokwisha kujua ni nani. Lumeni, kipimo cha mwanga, 500 hadi 1,000 zinatosha; kubwa zaidi zikipiga ukuta mweupe wa ghala zinakupofusha mwenyewe. Ifunge mbele kiasi kwamba kidole gumba kinafika kwenye swichi bila kuachia kishikio, na betri uzitoe unapoifungia kwenye sefu, maana zikivuja kwenye joto letu zinakula nyuzi za kifuniko.